Bomba la Kupumulia

Harufu ya saruji mbichi sina raha nayo. Sisemi kwamba inanuka vibaya. Wapo wanaoipenda, hasa wale wanaojengewa nyumba. Mimi ikinifikia, hata kama ni jirani tu anaziba ufa wa baraza, nafunga dirisha, na joto la Tanga likikataa dirisha lifungwe, natoka naenda kukaa kwa shoga yangu mtaa wa pili mpaka ikauke. Watoto wangu wananicheka, wanasema mama yao ni binti wa fundi mwashi anayeogopa saruji. Nacheka nao, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa sijawahi kuwaambia kilichobaki. Nawaambia ninyi kwanza. Pengine mdomo ukishazoea nitaweza kuwaambia na wao.

Nilikulia Lushoto mjini. Baba alikuwa fundi wa kuta na misingi, mtu wa maneno machache, mwenye kucha ambazo hazikutakata hata siku ya Idi. Mama alifua mashuka ya gesti moja iliyokuwa juu kidogo ya soko, nasi tulipanga vyumba viwili nyuma ya gesti hiyo hiyo, tukitumia choo chake. Tulikuwa watoto wawili tu. Mimi, Zubeda, nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Mwajabu alikuwa na minne. Mwajabu alikuwa mtoto wa kukubali kila ninachosema. Ningemwambia mbuzi ni ng'ombe mdogo angemwita ng'ombe mbele za watu, na angegombana na atakayembishia.

Gesti ile ilikuwa na ugonjwa mmoja. Aliyeijenga hakutaka kuchimba njia mbili, kwa hiyo gata zote za paa alizielekeza kwenye chemba ya choo, maji ya bati na maji ya choo yashuke pamoja kwenye shimo moja. Kiangazi mambo yalikuwa shwari. Masika ikianza, na mvua ya milimani haina adabu, inaweza kunyesha siku tatu bila kumeza mate, maji ya bati yalilijaza shimo, na shimo likishajaa lilirudisha uani kila kilichokuwa ndani yake. Mama alifua mashuka amesimama juu ya matofali. Wageni walitoka vyumbani wamekunja suruali, wakiuliza njia ya stendi.

Basi Baba akaitwa. Alilizunguka shimo asubuhi nzima, mikono nyuma. Halafu akachukua nyundo na tindo, akatoboa ubavu wa chemba kwa juu, akachomeka bomba la inchi nne na kulifukia chini ya njia mpaka kwenye mtaro wa mawe, ule unaopeleka maji ya mvua mtoni. Alisema shimo nalo ni kama mtu, linataka kupumua. Akaliita bomba la kupumulia. Mvua iliyofuata ua ulibaki safi, na mwenye gesti akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Mgosi, umenitoa aibu." Kwetu mwanamume ukimwita mgosi umempa heshima yake, na Baba alitabasamu mpaka nikaona jino lake la nyuma.

Majirani nao wakaja, mmoja mmoja. "Fundi, na mimi nipumulishie." Masika ile nyumba saba za mtaa wetu zilipumua, na mimi nilitembea shuleni kifua mbele. Hakuna aliyeuliza zinapumulia wapi. Nimelifikiria sana jina hilo. Lingeitwa bomba la kumwaga choo, hata mtoto angeuliza choo kinamwagwa wapi. Lakini kupumua, nani atamkataza mwenzake kupumua?

Sasa niwaambie habari ya kikopo, na hapa ndipo ninapoona haya. Baridi ya kule hupasua ngozi, na mtoto asiyepakwa mafuta mashavu yake huwa kama gome la mti. Mama alitununulia kikopo kimoja cha mafuta ya mgando, kidogo, cha bluu, cha kuenea kiganjani, tushirikiane. Nilichora herufi Z chini yake kwa msumari. Mwajabu alilia mpaka nikachora na M pembeni. Kisha ikaamuliwa Mwajabu aende akakae na Bibi, mama yake Baba, bondeni, kwa kuwa Bibi alikuwa peke yake na kwetu mtoto mdogo hupelekwa kwa bibi akamchangamshe. Mama akasema kikopo kiende na mtoto. Nikaitikia, nikakitia mfukoni mwangu.

Sikukaa nacho hata saa mbili. Jioni ile nilichuchumaa chooni, kikaponyoka mfukoni, nikasikia kinavyotumbukia. Mama alipouliza mafuta yako wapi, nilimtazama usoni nikasema, "Mwajabu amekwenda nayo." Ulikuwa uongo wangu mkubwa wa kwanza, na uliniuma kama siku tatu hivi. Halafu mvua ikanyesha sana, shule ikawa na mtihani, nikausahau.

Bibi alikuwa akilima karoti na kabichi kando ya mto, mwendo wa nusu saa ukishuka kwa njia za mkato, na zaidi ya saa nzima ukipanda. Karoti zikishang'olewa alizitia kwenye gunia, akalizamisha mtoni na kulikanyagakanyaga mpaka zikatoka zinang'aa. Maji ya mto ule alikuwa anajivunia kuliko karoti zake. Aliyaita mazi, kwa Kishambaa, hata alipokuwa anaongea Kiswahili na wanunuzi. "Mazi haya yanatoka msituni Magamba," alikuwa akisema. "Kuyachemsha ni kuyatukana." Na kweli yalitoka Magamba, baridi na safi. Ila kabla ya kumfikia Bibi yalipita mjini kwetu kwanza. Mto huo Bibi aliuzoea toka mji haujawa mji, na hakuona kwa nini abadilishe mazoea.

Jumamosi moja Mama alinituma nimpelekee Bibi chumvi na sukari. Nikamwamkia, shikamoo Bibi, akaniitikia marahaba bila kuinua mgongo, nikamtafuta mdogo wangu. Nilimkuta amechutama ukingoni anachota maji kwa kikopo cha bluu na kunywa, anachota na kunywa, kama mtu mzima anayeonja pombe. Nilikipokea nikakigeuza. Z na M zilikuwepo. "Dada, nimekiokota hapa," akasema. "Kimekuja chenyewe."

Mnadhani nilishtuka? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Nilidhani Mungu amenisitiri, kwamba uongo wangu ameugeuza ukawa kweli, na sasa hata Mama akija na kiapo mafuta yako kwa Mwajabu kama nilivyosema. Nilimwambia Mwajabu akiulizwa aseme alikuja nacho kutoka nyumbani. Akakubali, bila shaka. Akanichotea na mimi, nikanywa. Kikopo kilikuwa bado kina utelezi wa mafuta kwa ndani.

Mimi nilikuja kuharisha siku moja tu, nikapona. Mwajabu hakupona.

Alhamisi asubuhi alikuja mama mmoja jirani wa Bibi, amelowa, akasema mtoto anatapika na kuhara tangu jana na sasa hata kulia halii. Mvua ilikuwa inanyesha. Baba alikuwa kwenye ujenzi Magamba, akatafutiwa mtu wa kumfuata. Mimi na Mama tulishuka mbio, tukianguka na kuinuka, na Mama hakugeuka hata mara moja kuniangalia kama nimeumia. Tulimkuta Bibi amempakata. Bibi alikuwa amemkorogea maji ya chumvi na sukari, ile niliyomletea mwenyewe, kama alivyofundishwa kliniki. Alifanya kila kitu alichofundishwa. Maji tu ndiyo yalikuwa yale yale, na kikopo kile kile, kwa sababu Mwajabu alikuwa hakubali kunywa kwa chombo kingine. Akitapika tunampa tena. Akitapika tena tunampa. Mama alimfinya ngozi ya tumbo na ngozi ikabaki imesimama.

Gari lisingefika, udongo ulikuwa umeporomoka njiani. Mama alimbeba mgongoni kwa kitenge, akafunga cha pili juu yake, tukaanza kupanda. Njia nzima alikuwa akimsemesha Kishambaa, maneno ya kumbembelezea mtoto mchanga, na mimi nilikuwa nyuma nimemshika Mwajabu mguu ili ajue nipo. Mguu ulikuwa baridi. Mara moja akasema, "Maji." Hatukuwa nayo. Mvua ilikuwa inatumwagikia mwili mzima na hatukuwa na maji ya kumpa. Mama alikinga kiganja akakusanya ya mvua, akampenyezea mdomoni, na sasa nikifikiria, yale ndiyo maji safi pekee aliyokunywa mdogo wangu siku zile mbili.

Hospitalini walimpokea mbio. Walitafuta mshipa mkononi, wakatafuta mguuni, wakatafuta kichwani. Mama alibaki ndani, mimi nikaachwa kwenye benchi la korido, na nikiwa pale niliijua sababu. Mdogo wangu anaumwa kwa ajili ya uongo wangu. Nilikuwa nimemfundisha na yeye kusema uongo, na Mungu amechoka. Nikafanya mapatano: nikikiri, atapona. Baba alipoingia, amelowa, na mwiko wake bado umechomekwa kiunoni, nilimwambia kabla hajauliza chochote.

"Baba, kikopo cha mafuta hakwenda nacho Mwajabu. Nilikichukua mimi."

Hakuelewa ninasema nini. Alitaka kunipita. Nikamshika koti.

"Kilitumbukia chooni, Baba. Nikamdanganya Mama."

"Choo gani?"

"Cha gesti. Lakini kimeonekana. Mwajabu amekiokota mtoni kwa Bibi, anakinywea maji. Baba, nisamehe, nisamehe ili apone."

Alinitazama. Sijapata kuona tena uso wa mtu ukiondoka vile, mtu mwenyewe akiwa amesimama mbele yako. Akauliza taratibu, "Una hakika ni kile kile?" Nikamwambia kina Z na M. Akaweka mkono wake kichwani kwangu, mzito, akasema, "Wewe hujakosa kitu." Halafu akageuka. Mlango wa wodi ulikuwa mkono wake wa kulia, hatua nne au tano. Yeye akaenda kushoto, akatoka nje kwenye mvua, hakuingia kumwona mwanawe.

Mnaona jinsi mtoto angelielewa jambo hilo. Kanisamehe kwa mdomo, lakini amekasirika mpaka ameshindwa kukaa nyumba moja na mimi. Nilisubiri arudi. Saa saba, saa nane. Mama alichungulia mara mbili. "Baba yako hajafika?" Mara ya kwanza nilisema hajafika, kwa sababu sikuweza kusema alifika nikamfukuza. Mara ya pili muuguzi alimwambia kwamba alifika, na akatoka. Mama akageuka. Alirudi ndani, na adhuhuri haijaisha vizuri nikasikia sauti yake, na nikajua Mungu amekataa mapatano.

Baba alirudi karibu na magharibi. Alikuwa na saruji mikononi mpaka kwenye viwiko, mbichi, na harufu yake ilijaa korido yote. Mama alikuwa kwenye benchi na mimi, na Mwajabu alikuwa ndani amefunikwa. Mama aliitazama ile mikono.

"Umetoka kazini?" akauliza.

Baba alisimama. Alinitazama mimi kidogo, kisha akaangalia chini. "Ndiyo," akasema.

Msiba ulijaa watu. Walipanda kutoka bondeni, wengine hata kutoka Vuga kwa wajomba, na kila aliyeingia alimpa Mama pole, akampa Baba pole, akampa hata Bibi aliyekuwa amejikunja pembeni anarudia kwamba alimpa maji, alimpa maji mengi. Mama na Baba hawakupeana pole. Niliangalia siku zote tatu, maana watoto huangalia mambo kama hayo. Siku ya tatu mwenye gesti alimvuta Baba nyuma ya nyumba, mahali nilipokuwa nimejificha kulia, akamwambia kwa sauti ya chini, "Fundi, ni msiba, najua, lakini umenizibia bomba na choo kinarudi uani. Na wenzangu pia umewazibia." Baba akajibu, "Najua." Niliyasikia kwa masikio yangu haya, na hayakuniambia kitu.

Baada ya hapo Baba akawa mtu mwingine. Alirudi kwenye zile nyumba saba, moja baada ya nyingine, akiomba aruhusiwe. Alizitoa gata kwenye chemba, akazichimbia njia yake mpaka mtaroni, na choo akakichimbia shimo lake lenye mfuniko, lisiloguswa na tone la mvua. Wengine walimruhusu. Wengine walitoboa upya alipoziba, naye akarudi kuomba tena. Kila mahali alisema maneno yale yale, maji ya bati njia yake, maji ya choo njia yake. Aliyasema msikitini, aliyasema kwenye harusi za watu. Mtaa ukampa jina, Mzee Njiayake, na watoto wakawa wanamwitia hilo akipita na karai lake. Yeye aliwapungia mkono. Mimi nilivuka barabara.

Mama aliishi naye, akampikia, akamfulia. Lakini kila palipotokea jambo, hata chumvi kuzidi, aliweza kusema bila kupandisha sauti, "Mtu aliyekwenda kazini." Baba hakujibu hata siku moja.

Nilikuja kuelewa nikiwa na miaka ishirini na kitu, nimeshaolewa, nimepanga huku Tanga. Ilinyesha mvua kubwa na jirani akafungua mfuniko wa chemba yake, kama watu wengi wanavyofanya, wanaita kutapisha choo, maji ya mvua yachukue kila kitu. Nilikuwa mlangoni na mwiko wa ugali mkononi. Nikaona mswaki wa mtoto, wa pinki, ukitoka kwenye chemba, ukiingia mtaroni, ukienda zake. Kimekuja chenyewe. Nilisimama pale mpaka ugali ukaungua na mume wangu akaja kuuliza kulikoni.

Kumbe siku ile koridoni sikumwambia Baba kwamba mimi ni mwongo. Nilimwambia bomba lake linafika wapi. Nilimshika koti nikamwomba anisamehe, na kwa maneno hayo hayo nikampa habari kwamba mtoto wake yuko ndani anakufa kwa kazi ya mikono yake, na kwamba nyumba saba bado zinapumua, na mvua inanyesha, na bondeni kuna watoto wengine. Alikuwa na hatua tano za kwenda kwa Mwajabu. Alikwenda kuziba.

Sikumwambia Mama. Ningesemaje? Kumtoa Baba kwenye kosa moja ilikuwa ni kumtia kwenye kubwa zaidi, na mwenyewe alikuwa amechagua lile dogo. Nilimwamkia Baba kwa namna nyingine tangu hapo, nilimkalia karibu, nilimletea kofia na kahawa. Sijui kama alitambua kwamba nimejua. Alifariki akiwa mzee, na Mama alimlilia kama mke anavyopaswa, si zaidi.

Masika iliyopita nilipanda kwenda kumwona Mama. Tulikuwa barazani, mvua inapiga bati, na maji yanashuka kwenye gata aliyoifunga Baba, yanakwenda mtaroni kwa njia yake, yanaonekana safi. Mama akasema, kama anayeongea na mvua, "Mpaka leo sijui ilikuwa kazi ya nani ile, isiyoweza kungoja siku moja." Nikamwambia. Nilianza na kikopo, nikamaliza na mwenye gesti nyuma ya nyumba. Sikuficha bomba lilikuwa la nani.

Hakulia. Alizikunja na kuzikunjua pembe za kanga yake. Mimi nilikuwa nangoja amlaani, au anilaani.

"Miaka yote ile," akasema mwishowe, "hata pole sikumpa."

Nikasogea, nikamshika mkono. "Pole, Mama."

Akautoa mkono wake taratibu. "Usinipe mimi," akasema.